Mitaa ya kale ya Japani: Mgeni amefika, je, mwenyeji amepona?

MGENI njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Nchini Japani mgeni amefika, tena kwa wingi usiowahi kushuhudiwa. Mwaka 2013 taifa hilo lilipokea wageni zaidi ya milioni 10 kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kufikia mwaka 2019 idadi hiyo ilikuwa imekaribia milioni 32. Baada ya janga la corona kufunga mipaka kwa zaidi ya miaka miwili, wageni walirejea kwa kishindo: karibu milioni 37 mwaka 2024, na zaidi ya milioni 42 mwaka 2025.

Swali linalowakuna vichwa viongozi wa miji, wenye maduka na wananchi wa kawaida nchini humo ni iwapo mwenyeji kweli amepona, au ameanza kudhurika kwa dawa ile ile aliyoandikiwa.

Sababu za mafuriko hayo ya watalii si siri. Thamani ya yen imeporomoka, kiasi kwamba Julai 2024 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa zaidi ya yen 160, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1986. Mlo, hoteli na nauli ya treni ambavyo zamani vilimtoa mgeni jasho sasa vinaonekana rahisi. Hata Uchina ilipowahimiza raia wake Novemba 2025 wasizuru Japani kufuatia mvutano wa kisiasa kuhusu Taiwan, rekodi ya mwaka huo haikuzuilika.

Serikali ya Tokyo nayo haijaficha nia yake. Inalenga kupokea wageni milioni 60 kwa mwaka ifikapo mwaka 2030. Kwa taifa ambalo idadi ya watu wake imekuwa ikipungua tangu kufikia kilele mwaka 2008, na ambalo viwanda vyake vinashindana na majirani wenye nguvu, fedha za watalii zimekuwa nguzo. Mwaka 2024 pekee wageni walitumia takriban yen trilioni 8.

Hata hivyo, ukitazama kwa makini wanachokifuata watalii hao, utagundua kwamba bidhaa inayouzwa ni ya namna mbili tofauti, na kwamba chimbuko la mzozo wa sasa ni kuzichanganya mbili hizo.

Ya kwanza ni majengo ya kihistoria: ngome, mahekalu, kasri na stesheni za kale. Ya pili ni mitaa: vichochoro vyenye nyumba za mbao, maduka madogo ya familia, harufu ya chai inayokaangwa, bibi kizee anayefagia mbele ya mlango wake alfajiri. Jengo lina ukuta, lango na mlinzi. Mtaa una watu. Jengo linaweza kulindwa kwa kiingilio, lakini mtaa hulindwa na wakazi wake peke yao, na wakiondoka hakuna kiingilio kitakachourejesha.

Majengo yenye lango

Kwa upande wa majengo, Japani ina uzoefu wa miaka mingi, na mwingi wake umetokana na majuto. Januari 1949 moto uliunguza michoro ya kale ya ukutani katika hekalu la Horyuji, mojawapo ya majengo ya mbao makongwe zaidi duniani. Mshtuko huo ulizaa Sheria ya Kulinda Mali za Kitamaduni ya mwaka 1950. Mwaka huo huo hekalu maarufu la dhahabu mjini Kyoto, Kinkakuji, liliteketezwa na mtawa kijana. Lile ambalo watalii hulipiga picha leo lilijengwa upya na kukamilika mwaka 1955.

Vita vilikuwa vimefanya uharibifu mkubwa zaidi. Ngome za Japani zilizobaki na minara yao asilia ya enzi za makabaila ni 12 pekee. Ngome ya Osaka ambayo mgeni huiona kwa mbali ikimetameta ni ya saruji, iliyojengwa mwaka 1931. Ile ya Nagoya iliteketea kwa mabomu mwaka 1945 na kujengwa tena kwa saruji mwaka 1959. Mnara wake umefungwa tangu mwaka 2018, huku mji ukizozana kuhusu mpango wa kuujenga upya kwa mbao na iwapo uwe na lifti kwa ajili ya walemavu.

Mfano bora wa jinsi jengo linavyoweza kujilipia ni Stesheni ya Tokyo. Jengo hilo la matofali mekundu, lililobuniwa na msanifu Tatsuno Kingo na kufunguliwa mwaka 1914, lilipoteza kuba zake na orofa ya tatu katika mashambulizi ya mwaka 1945. Lilikaa na paa la muda kwa zaidi ya miaka 60, na katika miaka ya 1980 lilitishiwa na mipango ya kujenga maghorofa mahali pake. Wananchi walipiga kelele, nalo likaponea chupuchupu. Kampuni ya reli iligharamia ukarabati uliokamilika mwaka 2012 kwa kuuza haki ya anga, yaani ruhusa ya kujenga orofa ambazo stesheni ingeweza kuwa nazo, kwa wenye maghorofa ya jirani. Minara mirefu iliyoizunguka leo ndiyo iliyolipia ufupi wake.

Ngome ya Himeji nayo imechukua mkondo mwingine. Ngome hiyo nyeupe, iliyopata umbo lake la sasa mwaka 1609 na kuingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 1993, ilikuwa ikitoza kila mtu mzima yen 1,000. Mwaka 2024 meya wa mji huo alizua mjadala mkali alipopendekeza wageni wa kutoka nje ya nchi walipe mara kadhaa zaidi. Baada ya malumbano, mji uliamua kutenganisha kwa makazi badala ya uraia: kuanzia Machi 2026, mkazi wa Himeji analipa yen 1,000 na asiye mkazi yen 2,500, awe Mjapani au la.

Kwa msomaji wa Kenya, kelele zilizozuka kuhusu bei mbili huenda zikashangaza. Katika mbuga za kitaifa za humu nchini, raia amekuwa akilipa kidogo kuliko mgeni kwa miaka mingi, na hakuna anayeliona jambo hilo kuwa dhambi. Nchini Japani, hata hivyo, ambako mgeni amezoeleka kuhudumiwa sawa na mwenyeji, mabadiliko hayo ni ishara ya jinsi subira inavyozidi kupungua.

Kyoto na vichochoro vyake

Subira hiyo imejaribiwa zaidi mjini Kyoto, makao ya mfalme tangu mwaka 794 hadi karne ya 19. Mwaka 1945 mji huo ulikuwa kwenye orodha ya miji iliyofikiriwa kupigwa kwa bomu la atomiki. Aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, alisisitiza uondolewe. Hivyo, wakati Tokyo, Osaka na Nagoya zilipokuwa majivu, Kyoto ilibaki imesimama na nyumba zake za mbao.

Kejeli ya historia ni kwamba kilichonusurika vita hakikunusurika amani. Nyumba za kijadi za wafanyabiashara, ziitwazo machiya, ni nyembamba upande wa barabara na ndefu kuelekea nyuma, hata wenyeji huzifananisha na maficho ya samaki mkunga. Wenye nyumba hizo wakifa, warithi hukabiliwa na kodi ya urithi, gharama za ukarabati na kanuni za ujenzi zisizoafiki nyumba za aina hiyo. Aghalabu huamua kubomoa na kuuza kiwanja. Utafiti wa mji huo uliochapishwa baada ya hesabu ya mwaka 2016 ulionyesha kuwa zimebaki takriban 40,000, na kwamba zaidi ya 5,000 zilikuwa zimetoweka katika muda wa miaka saba tu.

Mji haukukaa ukitazama. Mwaka 2007 ulipitisha sera kali ya mandhari, ukashusha kimo cha juu cha majengo katikati ya mji kutoka mita 45 hadi mita 31 na kupiga marufuku mabango juu ya mapaa na taa za matangazo zinazomulika na kuzima. Wenye viwanja walilalamika kuwa wamepunguziwa mali yao. Leo hii sera hiyo ndiyo inayomwezesha mtalii kuona milima kutoka barabarani.

Lakini sera ya mandhari hulinda kuta, paa na kimo. Haina la kusema kuhusu anayeishi ndani. Nyumba ya machiya inaweza kuhifadhiwa vizuri kabisa kwa nje na kugeuzwa nyumba ya kulala wageni, ambamo hakuna anayemjua jirani wala anayejua siku ya kutupa takataka. Sheria ya kitaifa iliyoanza kutumika Juni 2018 iliruhusu nyumba za watu kukodishwa kwa watalii kwa siku zisizozidi 180 kwa mwaka. Kyoto ilikaza zaidi, ikaruhusu biashara hiyo katika maeneo ya makazi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Machi pekee, msimu ambao wageni ni wachache.

Mtaa wa Gion ndio uliogeuka kielelezo cha mgogoro wote. Humo huishi na kufanya kazi wasanii wa kike wa kijadi, geiko, pamoja na wanagenzi wao, maiko, ambao hupita jioni wakielekea kwenye nyumba za chai kuwatumbuiza wateja. Kwa mtalii mwenye kamera, msichana aliyevaa kimono na kupakwa poda nyeupe ni kivutio. Kwa msichana mwenyewe, ni saa ya kuingia kazini. Kumekuwa na visa vya wageni kuwafuata mbio, kuwazuia njia na hata kuwavuta nguo.

Mwaka 2024 wakazi wa Gion waliamua kufunga vichochoro vya binafsi kwa watalii, wakaweka mabango yenye onyo la faini ya yen 10,000. Barabara kuu ya mtaa huo, Hanamikoji, ilibaki wazi kwa kuwa ni ya umma. Uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko faini yenyewe. Wakazi walikuwa wanakumbusha ulimwengu kwamba wanachokiita watalii mandhari ni ua wa mtu.

Kero nyingine ni basi. Kyoto yenye wakazi wapatao milioni 1.4 hutegemea sana mabasi ya mji, na njia zinazoelekea kwenye mahekalu maarufu ndizo zinazotumiwa na wazee kwenda hospitalini na wanafunzi kwenda shuleni. Mzee anayepishana na mabasi matatu yaliyojaa mizigo ya wasafiri haoni faida ya trilioni za yen zinazotajwa Tokyo. Mji ulisitisha uuzaji wa tiketi ya basi ya siku nzima mwaka 2023, na Juni 2024 ukaanzisha mabasi maalumu ya watalii kwa nauli ya yen 500, zaidi ya maradufu ya nauli ya kawaida. Kuanzia Machi 2026, kodi ya malazi kwa hoteli za kifahari zaidi imepanda kutoka yen 1,000 hadi yen 10,000 kwa mtu mmoja kwa usiku.

Hatua hizo ni za busara, ila zote zina kasoro moja. Zinachukulia mtaa kana kwamba ni jengo lenye lango, na kwamba bei ikipanda msongamano utapungua. Tajiri anayelala katika chumba cha yen 100,000 hatazuiwa na kodi ya 10,000. Atalipa, kisha atatoka asubuhi kuelekea kichochoro kile kile.

Yanaka, mtaa ulionusurika mara mbili

Mjini Tokyo kuna mtaa unaotoa somo tofauti. Yanaka, kaskazini mwa bustani ya Ueno, ulianza kujaa mahekalu baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 ulioangamiza sehemu kubwa ya mji, wakati huo ukiitwa Edo. Watawala waliyahamishia pembezoni mahekalu mengi, na hadi leo eneo hilo lina zaidi ya 70. Katika makaburi yake amezikwa Tokugawa Yoshinobu, shoguni wa mwisho wa Japani.

Septemba 1, 1923 tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliua watu zaidi ya 100,000 katika eneo la Tokyo na Yokohama. Yanaka haikuungua. Usiku wa kuamkia Machi 10, 1945 ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 100,000 mashariki mwa mji huo. Sehemu kubwa ya Yanaka ilinusurika tena. Katika jiji lililojengwa upya mara mbili ndani ya robo karne, mtaa wenye vichochoro vya kale ukawa kama mzee pekee aliyebaki kijijini.

Barabara yake ya maduka, Yanaka Ginza, ina urefu wa takriban mita 170 tu. Huko huuzwa katlesi za nyama, samaki, chai na vyombo vya udongo, na watu huketi kwenye ngazi zilizo upande mmoja kutazama jua likizama. Hakuna ngome wala mnara. Anayefika huko hufuata maisha ya kawaida ambayo miji mingine imeyapoteza.

Lakini ni kosa kudhani kuwa Yanaka ilibaki kwa bahati pekee. Mwaka 1984, wakati bei za ardhi mjini Tokyo zilipokuwa zinaanza kupaa na wajenzi wakinunua vitalu kwa vitalu, akina mama wachache wakazi wa eneo hilo, akiwemo mwandishi Mori Mayumi, walianzisha jarida dogo la mtaa. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwahoji mafundi seremala, wauza tofu na wazee walioshuhudia tetemeko, wakachapisha yote kwa lugha ya mtaani. Jarida hilo lilidumu hadi mwaka 2009. Jina lake, Yanesen, lililounganisha silabi za mitaa ya Yanaka, Nezu na Sendagi, leo linatumiwa na vitabu vya watalii kana kwamba limekuwepo tangu enzi za mashoguni. Ni Mori huyo huyo aliyekuwa miongoni mwa waliopigania kuokolewa kwa Stesheni ya Tokyo.

Kwa hiyo kumbukumbu ya Yanaka ilikusanywa kwanza kwa ajili ya wenyeji. Watu walijifunza thamani ya mtaa wao kabla mgeni hajawaambia, na huenda hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mtaa unaostahimili utalii na ule unaomezwa nao.

Walioamua mapema

Kuna kijiji kilichokwenda mbali zaidi. Tsumago, katika bonde la Kiso mkoani Nagano, kilikuwa kituo cha 42 kati ya vituo 69 vya barabara ya kale ya Nakasendo iliyounganisha Edo na Kyoto. Reli ilipopita kwingine, kijiji kilisahaulika. Vijana walihama, nyumba zikaanza kuporomoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi walianza kuzikarabati nyumba hizo kwa pamoja, na mwaka 1971 wakapitisha mkataba wenye nguzo tatu: nyumba isiuzwe, isikodishwe, isibomolewe. Nyaya za umeme zilifichwa, na magari yakazuiwa kupita barabara kuu mchana. Miaka minne baadaye bunge lilifuata nyayo za wanakijiji: mwaka 1975 sheria ya turathi ilifanyiwa marekebisho ili kulinda mitaa mizima badala ya jengo moja moja. Tsumago ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuorodheshwa mwaka 1976. Leo maeneo ya aina hiyo yamepita 120 kote nchini.

Mojawapo ni Kawagoe, kaskazini magharibi mwa Tokyo, ambako moto wa mwaka 1893 uliteketeza takriban thuluthi ya mji. Wafanyabiashara walioona kwamba maghala yenye kuta nene za udongo ndiyo yaliyostahimili moto walijenga maduka yao kwa mtindo huo. Mitaa hiyo myeusi, pamoja na mnara wake wa kengele, iliorodheshwa mwaka 1999. Leo umati wa wikendi hugombea nafasi na magari katika barabara ile ile nyembamba, kwa sababu ulinzi wa kuta ulikuja bila mpango wa kutosha kuhusu miguu na magurudumu.

Mkataba wa Tsumago nao una gharama yake. Nyumba isiyoweza kuuzwa wala kukodishwa kwa mgeni haiwezi kumpokea kijana kutoka nje anayetaka kuhamia, na kijiji cha milimani chenye wazee wengi kinahitaji damu mpya. Hata hivyo, wakazi walichagua wenyewe gharama ya kulipa. Hakuna kampuni iliyowachagulia.

Ukale wa kutengenezwa

Wapo wanaodai kuwa hofu hii yote imetiwa chumvi, na kwamba bila watalii mitaa mingi ya Japani ingekuwa mahame. Hoja yao si ya kupuuzwa. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa nyumba milioni 9 nchini humo hazina watu. Kwa miji midogo, adui mkubwa si umati wa wageni bali ukimya.

Bungo-Takada, mji mdogo mkoani Oita, ni shahidi wao mkuu. Maduka yake yalikuwa yamekosa wateja na mtaa wa biashara ukawa kama makaburini. Kwa kuwa hakukuwa na fedha za kujenga upya, majengo yalibaki vile vile yalivyokuwa katika miaka ya 1950. Mwaka 2001 wenyeji waligeuza umaskini huo kuwa mtaji, wakautangaza mtaa wao kuwa Mji wa Showa, kwa kurejelea enzi ya Mfalme Hirohito iliyodumu kati ya mwaka 1926 na 1989. Wageni walimiminika kuona mabango ya bati, vinyago na magari ya kizamani.

Hamu ya enzi hiyo imekuwa biashara kubwa. Jumba la maonyesho ya tambi za rameni lililofunguliwa Yokohama mwaka 1994 lilijengewa ndani mtaa bandia wa mwaka 1958, wenye anga ya machweo iliyopakwa rangi. Vijana waliozaliwa baada ya enzi ya Showa kwisha hujazana humo kukumbuka maisha ambayo hawakuyaishi. Kinachowavutia kinaeleweka: ni picha ya wakati ambapo majirani walijuana, nchi ilikuwa inainuka na kesho ilionekana bora kuliko leo. Njaa ya baada ya vita na moshi wa viwanda uliowatia watu magonjwa katika enzi hiyo havionyeshwi.

Mtaa bandia haudhuru mtu, kwa kuwa kila aingiaye anajua ni maonyesho. Hatari huja pale mtaa wa kweli unapoanza kuiga ule wa bandia. Duka la mboga linageuka duka la zawadi, kinyozi anakuwa mkodishaji wa kimono, na mkazi aliyebaki analazimika kusafiri mbali kununua kitunguu. Kwa macho mtaa haujabadilika hata ubao mmoja, lakini waliokuwa wakiufanya mtaa hawapo tena.

Kipimo cha afya ya mtaa wa kale, basi, si idadi ya wageni wala hali ya paa zake. Kipimo ni iwapo mtoto anaweza kusoma shule ya hapo, mgonjwa akapata nafasi katika basi, na mjane akanunua samaki karibu na mlango wake. Iwapo mapato ya kodi ya malazi yataelekezwa huko, kwa kuwasaidia warithi wasibomoe nyumba na kuwapunguzia kodi wenye maduka yanayowahudumia majirani, kodi hiyo itakuwa imetenda kazi. Iwapo itaishia katika matangazo ya kuwavuta wageni wengine, itakuwa ni kuchota maji kwa pakacha.

Vilevile, lengo la wageni milioni 60 haliwezi kubaki suala la Tokyo pekee. Wanaokaa mezani kupanga idadi hawaishi Gion. Yanaka na Tsumago zinaonyesha kuwa mitaa iliyosalimika ni ile ambayo wakazi wake walikaa pamoja mapema, wakajua wanachokithamini, wakaweka masharti kabla ya mgeni kubisha hodi. Gion iliweka masharti wakati mgeni alikuwa tayari ameingia chumbani.

Funzo hilo haliishii Asia. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ikafuata mwaka 2011. Fort Jesus ni jengo lenye lango: tiketi hukatwa, mlinzi husimama, jioni hufungwa. Lamu ni mtaa. Vibaraza vyake vina wazee wa kuketi, misikiti yake ina waumini, na vichochoro vyake vina punda wa mizigo kwa sababu kuna mzigo wa kubebwa. Tayari nyumba kadhaa katika kisiwa hicho, hasa upande wa Shela, zimenunuliwa na wageni wa kutoka mbali.

Kenya bado haijafikia hata wageni milioni 3 kwa mwaka, na wengi humu nchini hutamani matatizo ya Kyoto badala ya yao wenyewe. Lakini wakati wa kuamua nani atabaki na ufunguo wa nyumba ya kale ni kabla ya bei yake kupanda. Wanakijiji wa Tsumago waliliamua jambo hilo mwaka 1971.